Je, Mawimbi ya Ubongo Yanaweza Kutabiri Nani Ataugua?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo familia nyingi hulinong'ona usiku na kulifunika mchana. Ni ugonjwa wa akili unaoonekana kurudi tena na tena katika ukoo mmoja. Tumesukumwa kuandika na familia moja iliyotufikia hospitalini majuma machache yaliyopita.

Walikuja watu watatu: baba, mama, na binti yao mwenye umri wa miaka 20. Kaka yake binti huyo tunamfahamu vizuri, kwa kuwa amekuwa akihudhuria kliniki yetu kwa miaka minne sasa. Alianza kuugua akiwa na miaka 19. Alisikia sauti za watu wasioonekana, akaacha kula chakula cha nyumbani akidai kina sumu. Siku hiyo yeye hakuwepo. Mama alitusalimu, akaketi, akasema, "Sista, leo hatukumleta mgonjwa. Tumemleta huyu mzima."

Barua ya posa ilikuwa imefika nyumbani na kupokelewa kwa furaha. Lakini baada ya siku chache mshenga alirudi na neno zito. Upande wa kijana walikuwa wamesikia habari za kaka, wakataka binti apimwe ubongo kwanza. Mjomba wa kijana, anayeishi mjini, aliwaambia kuwa iko mashine inayosoma mawimbi ya ubongo, na kwamba huko Ulaya na Marekani wanawapima kwa mashine hiyo vijana wa koo zenye ugonjwa wa akili. Baba alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili ili binti asafirishwe akapimwe. Binti mwenyewe alikaa kimya, akiangalia vidole vyake.

Mjomba yule hakusema uongo. Utafiti huo upo kweli. Lakini mwenye kusimuliwa nusu ya habari anaweza kuuza ng'ombe wake bure. Kwa hiyo tuieleze habari yote, kama tulivyowaeleza wale wazazi.

SAIKOSISI NI NINI?

Saikosisi ni hali ambayo mtu hupoteza mpaka kati ya mambo yaliyopo na yasiyokuwepo. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huamini kwa nguvu zote kwamba anafuatwa au anapangiwa mabaya, na hakuna maneno yanayoweza kumtoa katika imani hiyo. Pengine usemi wake hukosa mpango. Skizofrenia ni mojawapo ya magonjwa yanayoleta hali hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 20 ulimwenguni wanaishi na skizofrenia. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini na kitu, na kwa wavulana huanza mapema kidogo kuliko kwa wasichana.

Ugonjwa huu haubagui kabila, dini wala elimu. Si adhabu kwa mzazi, na wala mgonjwa hakujitakia.

JE, NI WA URITHI?

Kwa sehemu, ndiyo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Irving Gottesman, alikusanya hesabu za tafiti nyingi za familia zilizofanywa Ulaya, akazichapisha katika kitabu mwaka 1991. Hesabu zake ni hizi:

Katika watu 100 wa kawaida, mmoja hivi huugua skizofrenia katika maisha yake.
Katika watu 100 wenye kaka au dada mgonjwa, huugua 9 hivi.
Katika watu 100 wenye mzazi mmoja mgonjwa, huugua 13 hivi.
Katika watu 100 ambao pacha wao wa kufanana kabisa ni mgonjwa, huugua 48 hivi.

Tuliwasomea wazazi wale hesabu hizo, kisha tukawaomba wazisome kutoka upande wa pili. Binti yao ana kaka mgonjwa. Basi katika mabinti 100 kama yeye, 91 hawataugua ugonjwa huu. Tazameni pia wale mapacha. Pacha wa kufanana kabisa wana chembe za urithi zilezile. Kama urithi ungekuwa ndio kila kitu, wangeugua wote 100. Lakini zaidi ya nusu hawaugui. Yako mambo mengine yanayochangia: matatizo wakati wa mimba na kuzaliwa, maumivu makubwa ya utotoni, bangi, na mengine.

Liko na jambo ambalo upande wa kijana hawakulifikiria. Wagonjwa wengi wa skizofrenia hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua. Kwa hiyo hakuna ukoo unaoweza kusema, "Sisi haitatufika."

MAWIMBI YA UBONGO NI NINI?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana unaopita kati ya chembe zake. Mwaka 1924 daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena, alifaulu kwa mara ya kwanza kuuandika umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu. Alitangaza habari hiyo mwaka 1929. Umeme huo ukichorwa huonekana kama mawimbi yanayopanda na kushuka. Ni mdogo mno, hata hupimwa kwa sehemu za milioni za volti moja, wakati betri ndogo ya tochi ina volti moja na nusu.

Kipimo hiki hospitalini hujulikana kwa herufi EEG. Vibati vidogo vyenye nyaya hubandikwa kwenye ngozi ya kichwa kwa dawa laini, na mtu hukaa ametulia. Watu wengi huogopa wakidhani watapigwa shoti. Hapana. Mashine haiingizi umeme wowote kichwani. Inasikiliza tu, kama sisi tunavyosikiliza mapigo ya moyo kifuani. Wala haisomi mawazo ya mtu, siri zake au dhambi zake.

Kazi kubwa ya kipimo hiki katika hospitali za kawaida ni kuwasaidia madaktari kuhusu kifafa. Utafiti juu ya saikosisi ni habari nyingine.

WATAFITI WAMEONA NINI?

Fikirini mama anayetwanga mahindi uani. Mwanzoni mtoto aliye ndani husikia kila pigo la mchi. Baada ya muda hasikii tena, maana ubongo umeshazoea. Lakini mchi ukigonga ukingo wa kinu, mara moja mtoto huinua kichwa. Ubongo wenye afya hufanya kazi hizo mbili mchana kutwa: kupuuza yaliyozoeleka, na kushtuka kwa lililo jipya. Watafiti wamezipima kazi hizo kwa njia tatu hasa.

Ya kwanza ni ya kuhesabu mlio mgeni. Mtu huvalishwa visikizio masikioni na kusikia mlio uleule ukirudiwa. Mara chache huja mlio tofauti, naye hutakiwa kuuhesabu au kubonyeza kitufe. Theluthi moja ya sekunde hivi baada ya mlio ule mgeni, wimbi kubwa huinuka. Wimbi hilo lilielezwa mwaka 1965 na Samuel Sutton na wenzake huko Marekani, nalo huitwa P300. Mwaka 1972 watafiti wengine wa Marekani waliona kuwa kwa wagonjwa wa skizofrenia wimbi hilo ni dogo. Baadaye ilionekana kwamba hata kwa ndugu zao wasiougua, kwa wastani, limepungua kidogo.

Ya pili haihitaji mtu kuhesabu chochote. Anaweza hata kusoma kitabu huku milio ikiendelea, na bado ubongo wake huutambua mlio uliobadilika. Wimbi hilo lilielezwa mwaka 1978 na Risto Näätänen wa Finland na wenzake. Nalo ni dogo kwa wagonjwa wengi wa skizofrenia. Kwa ndugu wasiougua majibu yamekuwa mchanganyiko: tafiti nyingine zimeona tofauti, nyingine hazikuona.

Ya tatu ni ya milio miwili inayofuatana haraka, nusu sekunde kati yake. Kwa watu wengi ubongo huupokea mlio wa kwanza kwa nguvu na wa pili kwa unyonge, kana kwamba bawabu amefunga mlango nusu. Mwaka 1982 kikundi cha Robert Freedman huko Denver, Marekani, kilionyesha kuwa kwa wagonjwa wengi wa skizofrenia bawabu huyo hafungi vizuri. Mwaka 1984 kikundi hicho kilieleza kwamba karibu nusu ya wazazi, kaka na dada wa wagonjwa walikuwa na hali hiyohiyo, ijapokuwa hawakuwa wagonjwa.

Tafadhali lishikeni jambo hilo la mwisho. Alama ilikuwepo kichwani, lakini wenyewe walilima, walifundisha, walilea watoto, bila ugonjwa.

VIJANA WALIOFUATWA KWA MIAKA

Utafiti wa kuwafuata watoto wa wagonjwa si wa jana. Mwaka 1962 huko Copenhagen, Denmark, Sarnoff Mednick na Fini Schulsinger walianza kuwafuata watoto 207 ambao mama zao walikuwa na skizofrenia kali. Walipokwisha kuwa watu wazima, 16 hivi katika kila 100 walikuwa wameugua skizofrenia. Waliobaki, yaani 84 katika kila 100, hawakuugua skizofrenia, ingawa baadhi yao walikuwa na shida nyingine za akili.

Mwaka 2013 Denmark walianza tena, safari hii na watoto 522 wa miaka saba. Kati yao 202 walikuwa na mzazi mwenye skizofrenia, 120 walikuwa na mzazi mwenye baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na 200 wazazi wao hawakuwa na magonjwa hayo. Watoto hao walipofika miaka 11 walipimwa tena, na mawimbi ya ubongo yakawa sehemu ya vipimo. Jina lenyewe la utafiti huo linataja mambo mawili: hatari na ustahimilivu. Watafiti wanauliza kwa nini wengine huugua, na vilevile wanauliza ni kitu gani kinachowalinda wale wengi wasiougua.

Marekani na Kanada nako, vituo vinane vimeungana kuwafuata vijana ambao tayari wana dalili za mwanzo, kwa mfano kushuku watu au kusikia minong'ono isiyo wazi. Mwaka 2019 walitoa majibu ya P300 kwa vijana zaidi ya 500 wa namna hiyo. Wale ambao baadaye waliingia katika saikosisi kamili walikuwa, kwa wastani, na wimbi dogo zaidi tangu mwanzo. Hata hivyo, wengi wa vijana wale hawakufika huko.

KWA NINI BASI BINTI ASIPIMWE?

Hapo ndipo baba alipotuuliza, "Kama wimbi dogo linaonyesha ugonjwa, kwa nini msimpime mkatupa cheti?"

Tulimjibu kwa mfano wa shule. Chukua madarasa mawili, la sita na la saba, uwapime wanafunzi urefu. Kwa wastani darasa la saba ni warefu zaidi. Lakini ukiletewa mtoto mmoja tu mlangoni, huwezi kusema kwa urefu wake anatoka darasa gani, maana wako wafupi wa la saba na warefu wa la sita. Mawimbi nayo ni hivyo. Watafiti hulinganisha wastani wa kundi na kundi. Kwa mtu mmoja mmoja, vipimo vya wagonjwa na vya wazima huingiliana sana.

Tena, wimbi dogo halina sababu moja. Umri, uchovu, sonona na pombe vinaweza kulipunguza. Mwaka 1984 mtafiti Henri Begleiter wa Marekani aliwapima watoto wa kiume wa baba walevi, watoto ambao hawakuwahi kunywa, akakuta P300 yao ni ndogo. Hiyo ni alama inayofanana, lakini habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mpaka leo hakuna kipimo cha mawimbi ya ubongo kinachoweza kumpa mtu mzima cheti kwamba hatapata skizofrenia, wala kumhukumu kwamba ataipata. Hata mgonjwa mwenyewe hatambuliwi kwa EEG. Daktari humtambua kwa kuzungumza naye, kuzungumza na familia, na kumfuatilia. Atakayewaambia vinginevyo na kudai fedha, msimpe.

Je, utafiti huo hauna faida? Unayo. Unawafundisha wataalamu jinsi ubongo unavyoyumba kabla ya ugonjwa kujitokeza, ili siku moja msaada ufike mapema. Ni mbegu iliyo ardhini. Msije mkaingia shambani na mapanga kuivuna leo.

FAMILIA IFANYE NINI?

Wazazi wale walitaka kujua la kufanya. Tunawapa nanyi yaleyale.

1. Mwekeni kijana mbali na bangi. Huko Sweden, utafiti uliotolewa mwaka 1987 uliwafuata vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini. Wale waliokwisha kuvuta bangi zaidi ya mara 50 waliugua skizofrenia mara sita ya wale ambao hawakuivuta kamwe. Kwa mtu mwenye ndugu mgonjwa, bangi ni kiberiti karibu na nyasi kavu. Pombe kali na dawa nyingine za kulevya nazo ni hivyo.

2. Zijueni dalili za mwanzo. Kijana aliyekuwa mchangamfu anajitenga kwa majuma mengi. Halali usiku. Haogi wala hajali mavazi. Masomo au kazi vinaporomoka bila sababu. Anashuku watu wa nyumbani. Anacheka au kujibu wakati hakuna aliyesema naye. Dalili moja peke yake si ugonjwa, maana ujana una misukosuko yake. Zikiwa kadhaa, na zikiendelea, njooni.

3. Njooni hospitali mapema. Si kila kuchanganyikiwa ni skizofrenia. Malaria kali, Virusi vya Ukimwi, kifafa, na kwa mama aliyetoka kujifungua, mambo mengine yanayotibika, vyote vinaweza kuleta hali hiyo. Ni lazima tupime kwanza. Kama mgonjwa anasema anataka kujiua, au ana homa pamoja na kuchanganyikiwa, msingoje kupambazuke.

4. Msimfunge kamba wala minyororo, na msimpige. Dawa za ugonjwa huu zipo tangu miaka ya 1950 na zinasaidia watu wengi. Zikileta mitetemeko au kukakamaa, rudini kliniki tuzirekebishe. Msiziache kwa ghafla.

5. Chungeni ulimi nyumbani. Hili watu hawalitegemei kutoka kwa wauguzi. Mwaka 1972 George Brown na wenzake huko London walitoa majibu ya utafiti juu ya wagonjwa 101 waliorudi nyumbani kutoka hospitali. Waliorudi kwenye nyumba za lawama, uhasama au kuingiliwa kupita kiasi, 58 katika kila 100 waliugua tena ndani ya miezi tisa. Waliorudi kwenye nyumba tulivu, ni 16 tu katika kila 100. Sauti ya nyumbani ni sehemu ya matibabu.

6. Msifiche, na msitangaze. Kwa wanaotaka kuoana, kweli isemwe kwa heshima kabla ya ndoa, na anayeisikia aelezwe pia hesabu zake. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio kitamfichua. Lakini kumsema mgonjwa kisimani na sokoni si ukweli, ni umbeya.

YULE BINTI

Tulipomaliza kuzungumza na wazazi, tuligundua kwamba sote tulikuwa tumezungumza juu ya binti, na hakuna aliyezungumza naye. Tukamuuliza kama ana swali. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, mmesema tisini na moja hawaugui. Na kama mimi ni mmoja wa wale tisa?"

Lilikuwa swali la haki, na hatukutaka kulifunika kwa maneno matamu. Tulimwambia hivi: ukiwa mmoja wa wale tisa, utakuwa na jambo ambalo kaka yako hakulipata. Kaka yako alikaa mwaka mzima akiugua kabla hajaletwa, kwa sababu hakuna aliyejua anachokiona. Wewe watu wako wanazijua dalili, wanaijua njia ya kuja hapa, na hawatakuonea haya. Mtu anayetibiwa mapema mara nyingi huendelea vizuri zaidi kuliko aliyechelewa. Anaweza kufanya kazi, na anaweza kuwa na nyumba yake.

Mama yake alianza kulia, na safari hii hakujificha.

Wazee wa pande mbili walikutana baadaye, nasi tukaombwa kuwapo ili kueleza tuliyoyaeleza hapa. Upande wa kijana walisikiliza, wakaomba muda wa kufikiri. Majuma matatu yakapita bila neno. Kisha mshenga akarudi kuzungumzia mahari, na habari ya mashine haikutajwa tena.

Baba aliuza ng'ombe mmoja tu. Fedha hiyo ameiweka kwa ajili ya nauli ya kliniki na dawa za mwanawe wa kiume kwa mwaka mzima, maana mara mbili mwaka jana kijana alikosa kuja kwa sababu ya nauli, na mara zote mbili alizidiwa. Siku hizi anayemkumbusha tarehe ya kliniki ni dada yake.

Kama nyumbani kwenu kuna ndugu wa namna hii, mleteni kwenye kliniki ya afya ya akili iliyo karibu nanyi. Na wale wazima walio pembeni yake, wanaoogopa kimya kimya, waambieni waje pia. Nao tunawapokea.